Watafiti wakibisha hodi kijijini: maswali ya wasomaji

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jambo moja. Utafiti wa afya unapoingia mahali penye kipato kidogo, nani anaombwa ruhusa, anaombwa nini hasa, na je, anaweza kukataa? Kipimo tunachotumia katika majibu yote ni hiki: jamii imeshirikishwa pale tu maneno yake yanapoweza kubadilisha kitu katika utafiti, au kuuzuia. Kuitwa mkutanoni, kusikiliza na kupewa soda si kushirikishwa.

Mimi ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, karibu na Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda. Watafiti wa malaria wanataka nigonge muhuri kuthibitisha kwamba kijiji changu kimekubali. Nigonge?

Mheshimiwa mwenyekiti, ukiridhika gonga muhuri wa kuwaruhusu waingie. Usigonge wa kusema watu wamekubali. Ruhusa yako inafungua njia ya kijiji tu. Ridhaa ya kutobolewa kidole, kutolewa damu au kumeza dawa ni ya mtu mwenyewe, na kwa mtoto ni ya mzazi au mlezi. Miongozo ya mwaka 2016 ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, haiachi mwanya hapa: ruhusa ya kiongozi haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya ridhaa ya mtu binafsi.

Kabla ya muhuri, omba kuona karatasi. Ya kwanza ni barua ya kamati ya maadili ya utafiti, yaani jopo linalokagua utafiti ili kuwalinda washiriki. Soma tarehe ya mwisho, maana kibali ni cha muda, kwa kawaida mwaka mmoja. Ya pili ni kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Halafu barua ya utambulisho kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya. Kama kuna dawa au chanjo inayojaribiwa, pawe pia na idhini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Linganisha jina la utafiti kwenye karatasi zote, na uangalie kama wilaya yako imetajwa. Kibali cha utafiti mmoja hakitumiki kwa mwingine, hata kama timu ni ile ile.

Kisha uliza mbele ya kamati yako: watachukua nini kwa mtu, mara ngapi, kwa muda gani? Atakayeumia atatibiwa wapi na kwa gharama ya nani? Majibu yatarudi lini? Na swali tunalolipenda kuliko yote: ni kitu gani katika mpango huu bado sisi tunaweza kukibadilisha? Wakisema hakuna, wamekuja wakiwa wamechelewa, na una haki ya kuwaambia warudi wakafikiri. Hata utafiti uliokwisha kupitishwa una mambo ya kurekebisha: siku ya kuja isiwe ya soko wala ya kupanda, damu itolewe mahali penye faragha, maswali ya uzazi yaulizwe na mwanamke. Badiliko lolote litapelekwa kwanza kwenye kamati ya maadili. Hilo linawezekana, wasikutishe nalo.

Ukishawatambulisha barazani na kuwaonyesha mipaka, rudi nyumbani. Usiongozane nao mlango kwa mlango. Wewe ndiye unayeandika barua ya kitambulisho, unayeshuhudia uuzaji wa shamba, unayeitwa mtu akihitaji mdhamini polisi. Mama anayehitaji barua yako wiki ijayo hawezi kumkatalia mgeni uliyesimama naye uani. Kwa sababu hiyo hiyo, usiombe kupewa majina ya waliokataa. Na kama nyumba zimechaguliwa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, usizibadilishe ili ndugu zako waingie. Matokeo yatapotoka, na watu watakuwa wametolewa damu bure.

Zipo tafiti ambazo kura hupigiwa kijiji kizima. SEARCH, uliohusu VVU kuanzia mwaka 2013, ulikuwa na jamii 32 za Uganda na Kenya: baadhi zilipata huduma za aina moja, nyingine za aina ya pili. Katika utafiti kama huo mtu mmoja hawezi kukihamisha kijiji chake kutoka kundi moja kwenda jingine, ingawa bado anaweza kukataa kupimwa na kuhojiwa. Hapo ndipo sauti ya jamii ina uzito kuliko popote, na inapasa kusikika kabla kura haijapigwa.

Watafiti wanamtoa mwanangu damu. Majirani hapa Bombo wanasema inauzwa Ulaya. Ni kiasi gani, na inakwenda wapi?

Mama, hofu hiyo haikuzuka jana. Enzi za ukoloni, Kampala na kwingineko Afrika Mashariki, zilivuma habari za wazimamoto wanaokamata watu na kuwanyonya damu. Habari hizo hazikuwa kweli, lakini zilistawi kwa watu waliokwisha kuona afya ikitumiwa kuwaamrisha: mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa malale, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa lazima kutoka ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mtafiti anayecheka hofu ya damu hajui anafanya kazi wapi.

Sasa vipimo. Tone la kidoleni ni chini ya nusu mililita. Mililita 5 zinajaza kijiko kimoja cha chai. Mtoto ana damu kama mililita 75 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 10 ana karibu mililita 800. Kikomo kinachotumika katika tafiti nyingi ni mililita 3 kwa kila kilo ndani ya wiki 8, bila kuzidi mililita 50. Kwa mtoto wa kilo 10 hizo ni mililita 30, yaani vijiko sita vya chai, kwa ziara zote za wiki hizo zikijumlishwa. Mtoto mgonjwa au mwenye upungufu wa damu atolewe kidogo zaidi. Usikubali jibu la "kidogo tu". Uliza jumla, na uombe uonyeshwe kichupa chenyewe.

Damu huenda maabara ikiwa na namba badala ya jina. Ikibaki, inaweza kugandishwa kwa ajili ya tafiti za baadaye, na hilo lina ridhaa yake peke yake: unaweza kukubali utafiti na ukakataa uhifadhi. Sampuli kuvuka mpaka kunahitaji mkataba kati ya taasisi mbili na kibali cha UNCST; uliza kama upo na sampuli inakwenda nchi gani. Ukibadili nia, omba kilichobaki kiharibiwe. Kilichokwisha kupimwa na kuingizwa kwenye hesabu hakirudi, na ulipaswa kuambiwa hivyo tangu mwanzo. Kama mwanao ana miaka 8 au zaidi, na yeye anatakiwa kuulizwa.

Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, natoka Kongo. Mradi unanilipa kwa kila mtu ninayemleta. Watu wananiuliza: tukikataa, tutafutwa kwenye mgao au kwenye orodha ya kupelekwa nchi ya tatu? Niwajibu nini?

Ndugu yetu, wajibu kwamba hapana, utafiti hauna uhusiano na mgao wala na safari. Kisha uhakikishe jibu lako linaonekana kwa macho, maana mkimbizi huamini anachokiona kuliko anachoambiwa. Meza ya utafiti isiwekwe karibu na mahali pa kugawia chakula, wala siku ile ile. Anayeomba ridhaa asivae fulana ya shirika la misaada. Namba ya usajili wa mkimbizi isiandikwe kwenye fomu za utafiti kama hakuna sababu inayoeleweka; Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai zikusanywe taarifa zinazohitajika tu. Mtu akiona namba yake ya mgao juu ya fomu, ataona kwamba hana hiari, hata umwambie nini.

Malipo ya kila kichwa yakatae. Tunajua fedha hizo zinasaidia nyumbani, na kazi ya VHT haina mshahara wa kutegemea. Lakini mtu anayelipwa kwa kichwa huharakisha sehemu ya madhara, hushawishi aliyesita, na mwisho huleta mtu yule yule mara mbili kwa majina mawili. Omba mlipwe kwa siku au kwa mwezi, kiwango kile kile, iwe mmekuja na watu 20 au hakuna aliyekubali. Ukiona washiriki wengi wanatoweka baada ya ziara ya kwanza, tafuta jinsi walivyoandikishwa.

Ndani ya kambi utafiti unahitaji pia ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na viongozi wa RWC, kamati za ustawi wa wakimbizi, wajulishwe. Nao, kama LC, hawawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya mtu mwingine. Mkalimani achaguliwe kwa uangalifu: mtu aliyekimbia vita hatazungumzia mwili wake mbele ya mkalimani anayemhofia. Fomu ya Kiswahili iliyoandikwa Kampala isomwe kwanza na watu wa Goma, Bukavu na Uvira waliopo hapo.

Lipo swali jingine ambalo ninyi mna haki ya kuliuliza: kwa nini Nakivale? Kama ugonjwa unaochunguzwa unawasumbua ninyi, na dawa ikifaulu mtaipata, hiyo ni sababu. Kama jibu ni kwamba watu wako pamoja na ni rahisi kuwafikia, hiyo si sababu, na kamati ya maadili iambiwe.

Nakusanya data Arua. Fomu yetu ya ridhaa ina kurasa 12. Watu wanasema "ndiyo, nimeelewa", wanaweka dole, kisha mwezi wa pili nagundua hawakujua kama ni utafiti. Nifanyeje?

Dada, acha kuuliza "umeelewa?". Mgeni mwenye karatasi akiuliza hivyo, adabu inamtaka mtu ajibu ndiyo. Mwombe akueleze yeye. Haya ni maswali yanayofanya kazi: Tumekuita hapa kufanya nini? Utakuja mara ngapi? Ni kitu gani kinaweza kukuumiza? Ukiacha baada ya miezi mitatu, matibabu yako ya kawaida yatakuwaje? Nani ataona majibu yako? Akikosea, rudia sehemu hiyo na umuulize tena. Kosa lake linaonyesha kwamba maelezo yako hayajafika.

Sentensi ya kwanza iwe: "Huu ni utafiti, si matibabu, hatujui kama dawa hii inafaa, ndiyo maana tunaipima." Bila hiyo, mtu aliyekaa kituo cha afya mbele ya koti jeupe ataamini anatibiwa. Ikiwezekana, nesi anayemtibu kila mwezi asiwe ndiye anayemwomba ridhaa.

Kitu kigumu kuliko vyote ni kura ya kugawa makundi. Tia kwenye mfuko vifuniko vya soda vya rangi mbili, idadi sawa, mwambie achomoe kimoja bila kuangalia. Mweleze kwamba kompyuta hufanya vivyo hivyo, na wala wewe wala daktari hamchagui. Kisha muulize: daktari akikuona unaumwa zaidi ya wengine, anaweza kukuweka kwenye dawa mpya? Akijibu ndiyo, bado hajaelewa. Plasibo iite kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, na useme wazi kwamba anaweza kukipata yeye.

Soma kurasa hizo vipande vipande, pumzika, tenga saa nzima. Mwache alale akilifikiria jambo hilo. Mwanamke mwenye miaka 18 au zaidi anajiamulia mwenyewe. Akitaka kushauriana na mumewe, mpe muda, lakini usiifanye sahihi ya mume kuwa sharti.

Kwa asiyesoma, shahidi asiyekuwa wa timu yenu awepo tangu neno la kwanza, aweke sahihi na tarehe kando ya alama ya dole. Kuna timu zinazomwita mpita njia dakika ya mwisho. Huyo hakushuhudia kitu, na ridhaa hiyo haisimami. Nakala ni haki ya mshiriki, ila katika utafiti wa VVU karatasi hiyo nyumbani inaweza kumfichua. Mwulize kama anataka kuondoka nayo au mmtunzie kituoni.

Kuhusu tafsiri: kamati hudai mtu wa pili airudishe fomu kwenye Kiingereza bila kuona ya asili. Hatua hiyo hunasa makosa ya maana, lakini hainasi lugha isiyosemwa na mtu yeyote. Isome kwa sauti mbele ya watu watano au sita wa mahali hapo, weka alama kila wanapokunja uso, na upeleke masahihisho kwa mtafiti mkuu.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya ushauri ya jamii, Jinja. Kila miezi mitatu tunaitwa, tunaambiwa yaliyokwisha kuamuliwa, tunapewa chai na nauli. Tuna kazi gani?

Kazi mnayo, lakini mmenyimwa. Mwaka 2004 huko Kambodia na 2005 huko Kameruni, majaribio ya dawa ya tenofovir ya kuzuia VVU yalisimamishwa baada ya jamii na wanaharakati kulalamika, pamoja na mengine, juu ya matunzo ya watakaoambukizwa au kuumizwa na dawa. Dawa yenyewe baadaye ilithibitika kufaa. Watu hawakuwa wameshirikishwa mapema wala kwa uzito. Baada ya hapo UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, na AVAC, shirika linalotetea kinga ya VVU, walitoa mwongozo wa ushirikishwaji mwema mwaka 2007, ukafanyiwa marekebisho 2011. Mwongozo huo unataka jamii iingie tangu utafiti unapoundwa hadi matokeo yanapotolewa. Uombeni, na muusome pamoja.

Daini rasimu ya utafiti kabla haijapelekwa kwenye kamati ya maadili, ikiwa na muhtasari kwa lugha yenu, na angalau wiki mbili za kuusoma. Nusu saa ya kwanza ya kikao kaeni wenyewe bila watafiti. Kumbukumbu ziandikwe kwa safu tatu: tulichosema, watafiti walivyojibu, kilichobadilika. Safu ya tatu ikiwa tupu vikao vinne mfululizo, pelekeni daftari hilo kwa kamati ya maadili. Wajumbe wasiwe wenye vyeo peke yao: utafiti wa wavuvi uwe na wavuvi, wa wasichana uwe na wasichana. Wabadilishwe kila miaka miwili au mitatu, kwa sababu aliyekaa sana huanza kuusemea mradi. Na mjumbe asiandikishe washiriki. Akifanya hivyo, watu watakosa wa kumwendea na malalamiko.

Msikubali kuambiwa kwamba dharura haina nafasi ya jamii. Jaribio la chanjo ya Ebola aina ya Sudan, liitwalo Tokomeza, lilianza Kampala tarehe 3 Februari 2025, siku nne baada ya mlipuko kutangazwa. Kasi hiyo ilitokana na matayarisho ya nyuma. Ushirikishwaji nao hutayarishwa kabla ya mlipuko.

Kumlipa mshiriki maskini si kumhonga?

Kutomlipa ni kumfanya maskini agharimie utafiti. Nauli irudishwe kama ilivyotumika, na muda uliopotea ufidiwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fomu iliyopitishwa. Kilipwe kila ziara, kisicheleweshwe mpaka mwisho. Aliyeacha katikati hanyang'anywi cha ziara alizofanya. Kiasi kimezidi kama kinamfanya mtu afiche ugonjwa ili aandikishwe. Kuwaonya watafiti juu ya hilo ni kazi ya bodi ya jamii, maana ndiyo inayojua kibarua cha siku moja kinalipa shilingi ngapi pale.

Utafiti uliisha, wakaondoka, hatukusikia tena. Tunaweza kudai nini, na wapi?

Mnaweza kudai mambo matatu: majibu yenu binafsi, matokeo ya jumla, na kilichoahidiwa kwa walioshiriki.

Deni la mtafiti kwa mshiriki limejadiliwa kwa muda mrefu, na Uganda imo katika mjadala huo. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Rakai wa jozi 415 za wanandoa, mmoja ana VVU na mwenzake hana. Uligundua kwamba wingi wa virusi katika damu ndio unaoamua zaidi maambukizi, jambo ambalo ni msingi wa matibabu ya leo. Katika muda huo wenzi 90 waliambukizwa. Dawa za kupunguza makali hazikupatikana vijijini wakati ule, ushauri na kondomu vilitolewa, na kumwambia mwenzi kuliachiwa aliyeambukizwa. Jarida lenyewe lilichapisha maoni ya mhariri wake, Marcia Angell, akihoji kama utafiti huo ungekubaliwa Marekani. Sisi tunaona faida ya ujuzi ule haifuti swali hilo.

Leo swali limehamia kwenye dawa iliyofaulu. Mwaka 2024 jaribio la lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU, kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda lilionyesha kwamba kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Waliotoa miili yao kuthibitisha hilo wanastahili dawa hiyo, na nchi zao pia. Bodi za jamii ziulize mapema: ikifaulu, nani ataipata, kwa muda gani, na nani ameandika hivyo?

Kuhusu wapi: fungua fomu yako ya ridhaa. Panatakiwa pawe na simu ya mtafiti mkuu, ya mwenyekiti wa kamati ya maadili, na ya UNCST. Anza na mtafiti. Asipojibu ndani ya wiki mbili, andikia kamati: jina la utafiti, namba yako ya ushiriki, tarehe, kilichotokea, unachotaka. Ukurasa mmoja unatosha, kwa mkono na kwa Kiswahili. Piga picha ya barua kabla ya kuituma. Kama umeumia, nenda kutibiwa kwanza na utunze kila risiti na karatasi ya kituo. Kulalamika hakukuondolei haki ya matibabu ya kawaida, na atakayekutisha hivyo mwandike katika barua hiyo hiyo.